Nusu Kaputi: Pumzi na Dawa Kwenye Barabara ya Puge

Kuna neno nimelitumia tangu utotoni bila kulichungulia ndani: nusukaputi. Kwetu Puge, katikati ya barabara ya Tabora na Nzega, mtu akitoka hospitali na bandeji tumboni haulizwi kwanza alikatwa wapi. Anaulizwa, "Walikupiga nusu kaputi?" Akisema ndiyo, wazee wanamwangalia kwa macho mengine, kama mtu aliyekwenda mahali ambapo wao hawajafika, na akarudi.

Nusu tunaijua. Kaputi ndiyo yenye safari. Asili yake ni Kijerumani, kaputt, yaani kilichoharibika, kilichokwisha kabisa. Lilikuja na watu wale wale waliotuachia shule na hela. Na hizo hela sisi watu wa Tabora tuna haki ya kujidai nazo kidogo, maana mwaka 1916, vita ilipowabana Wajerumani, sarafu zao walizifulia hapo hapo Tabora, kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwezi Septemba. Basi mtu wa nusu kaputi, ukimtafsiri bila huruma, ni mtu aliyekufa nusu.

Swali langu ni moja tu: nusu ipi? Ukimlaza mtu ili umkate, unaua nini na unaacha nini? Maumivu? Kumbukumbu? Mwendo wa mikono na miguu? Pumzi? Nilidhani hili ni swali la washairi. Kumbe ni swali la kila asubuhi la mtu anayeshika sindano kwenye chumba cha upasuaji, na historia yake inapita kwenye njia hii yetu ya misafara mara nyingi kuliko nilivyodhani.

Lililoniingiza humo ni punje ya karanga. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano. Msimu wa kubangua karanga kila mtoto wa Puge anakaa katikati ya maganda, na huyu akaona sikio lake lina nafasi. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, akamlaza ubavu na kummiminia maji ya uvuguvugu ili punje itoke. Haikutoka. Karanga ikinywa maji inavimba, na ikivimba ndani ya tundu la sikio inakaa kama kizibo. Zahanati walijaribu kuitoa akiwa macho. Watu watatu wazima walishindwa na mtoto wa kilo kumi na saba. Tukaambiwa twende hospitali, "watamlaza kidogo."

Kidogo. Hilo nalo ni neno la kuchungulia.

Hospitali, aliyetupokea hakuwa daktari wa kukata. Alikuwa mtoa usingizi, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimwinamia mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mtoto amekula saa ngapi?"

"Hajala tangu jana."

Mzee hakuandika kitu. Alisubiri tu, kalamu mkononi. Mama akaangalia chini, akafunga khanga upya, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nilimpa matobolwa. Mawili tu. Alfajiri, alikuwa analia."

Kwa wasiokuwa wa Unyamwezini: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikakaushwa juani. Ni chakula cha njaa, cha safari, na cha bibi anayemhurumia mjukuu. Mzee hakumgombeza. Alisema, "Umefanya vizuri kuniambia, mama. Tungemlaza sasa, yale matobolwa yangeweza kupanda yakaingia kwenye mapafu. Tutangoja mpaka saa saba." Tukakaa barazani saa nne nzima, na kwa kuwa hakuwa na mgonjwa mwingine kwa muda, nikamuuliza atatumia dawa gani. Alicheka. Akasema katika miaka yake yote watu wameuliza jina la mpasuaji. Jina la dawa hawaulizi.

Kabla sijaeleza alichonijibu, nirudi nyuma kidogo, maana mpwa wangu si wa kwanza kutiwa kitu sikioni katika nchi hizi.

Machi 1858, John Hanning Speke alikuwa kisiwani katika Ziwa Tanganyika. Yeye na Richard Burton walikuwa wamefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, wakiwa nyuma ya wapagazi waliozijua njia hizi vizuri kuliko ramani yoyote ya London. Usiku mmoja wa dhoruba Speke aliwasha mshumaa hemani, na mbawakawa wakamiminika ndani. Mmoja akaingia sikioni, akaanza kuchimba. Speke akajaribu siagi iliyoyeyushwa. Haikusaidia. Akachukua kisu chake kidogo cha mfukoni akachokonoa mwenyewe. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa, likaoza, uso ukavimba, kutafuna kukawa hakuwezekani. Aliandika kwamba kwa muda mrefu akipenga kamasi sikio lilipiga mluzi, na vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta kwa miezi. Ni mtu huyo huyo, mwezi Julai mwaka ule, aliyeondoka Kazeh kwenda kaskazini, akaivuka nchi hii hii yetu mpaka kuliona ziwa alilolipa jina la malkia wake.

Nilipomsimulia mzee kisa hiki alishangaa jambo moja tu. "Siagi ilikuwa sawa," alisema. "Mdudu akiwa hai, kwanza unamzamisha kwa mafuta au dawa ya ganzi. Kosa ni kisu. Na kosa la kisu linatokana na maumivu. Mtu anayeumia hatulii, na asiyetulia huwezi kumfanyia kazi ndogo." Nikaona hapo maana ya kwanza ya nusu kaputi: utulivu. Kwa Speke, sikio moja liliharibika kwa kukosa dakika kumi za utulivu.

Wa pili ni David Livingstone. Watalii wanaokuja Tabora hupelekwa Kwihara, kwenye tembe alilokaa na Stanley mwaka 1872. Huko husimuliwa habari za ramani na utumwa. Kuna habari nyingine ambayo mtu wa vitabu anapaswa kuijua. Livingstone alipata cheti chake cha udaktari Glasgow mwaka 1840. Etha ilionyeshwa hadharani Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na klorofomu ikaanza kutumiwa na James Young Simpson kule Edinburgh Novemba 1847. Kwa hiyo Livingstone alisomea upasuaji katika dunia ambayo usingizi wa dawa haukuwepo. Sifa ya mpasuaji ilikuwa kasi, na ya mgonjwa ilikuwa kuvumilia.

Mwaka 1844, kule Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimkamata bega akauvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto. Katika kitabu chake cha 1857, mwaka ule ule Burton na Speke walipofika Kazeh, anaeleza kwamba simba alipomtikisa aliingia katika hali ya ajabu: alijua kila kinachotendeka, lakini hakusikia maumivu wala hofu. Akitafuta mfano wa hali ile, aliulinganisha na mgonjwa aliyepewa klorofomu nusunusu, ambaye anauona upasuaji bila kuusikia.

Nusunusu! Mtu aliyehitimu kabla ya dawa ya usingizi, akiwa mdomoni mwa simba, ameeleza nusu kaputi kabla Kiswahili hakijaipa jina. Na ameeleza, bila kujua, dawa ambayo ingetengenezwa zaidi ya miaka mia baada ya simba yule. Tutaifikia.

Mfupa ule haukuunga sawasawa. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake wakapita nao hapa Unyanyembe, mpaka pwani, mpaka Uingereza. Ni kiungo kile cha uongo kwenye mkono wa kushoto kilichomwezesha Sir William Fergusson, mwaka 1874, kuthibitisha kwamba mwili ni wenyewe.

Msidhani kwamba usingizi wa upasuaji ulishuka huku ndani ya masanduku ya Wazungu peke yake. Mwaka 1879, Robert Felkin, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alishuhudia mahali panapoitwa Kahura, katika Uganda ya leo, mwanamke akipasuliwa ili mtoto atolewe. Alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa. Pombe hiyo hiyo ilitumika kunawia mikono ya mpasuaji na kuoshea tumbo. Mishipa iliyovuja ilichomwa kwa chuma cha moto, na kidonda kikafungwa kwa pini za chuma na nyuzi za mti. Felkin alimwacha mama yule akiendelea vizuri. Wakati huo, Ulaya, mwanamke aliyepasuliwa hivyo alikuwa na uwezekano mkubwa wa kufa. Nilipomaliza kusoma nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mganga yule, ambaye Felkin hakutuachia jina lake, alikuwa amepima. Alijua kiasi cha pombe cha kumtuliza mama bila kumzima. Alikuwa anachagua.

Na kuchagua vibaya kunaua, hata penye elimu. Tarehe 28 Januari 1848, karibu na Newcastle, msichana wa miaka kumi na mitano aitwaye Hannah Greener aliwekewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa ndani ya dakika chache. Ni kifo cha kwanza cha dawa ya usingizi kinachotajwa na vitabu, na hakikutokea kwenye kukata mguu au kupasua tumbo. Kilitokea kwenye ukucha. Nilimtajia mzee, akaitikia kwa kichwa. "Upasuaji mdogo upo," alisema. "Usingizi mdogo haupo."

Saa tano na nusu hivi alinichukua hadi mlangoni pa chumba chake, nisivuke mstari mwekundu, akanionyesha vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa maski ya koo. Wenyewe wanaiita LMA. Usifikirie barakoa ya usoni. Ni mrija wa mpira laini ambao mwishoni una kitu kama andazi dogo la yai, lenye tundu katikati, linalojazwa hewa. Linaingizwa mdomoni, linapita juu ya ulimi, linakaa nyuma ya koo likiwa limeufunika mlango wa njia ya hewa. Haliingii ndani ya koromeo kama mrija ule mrefu wa siku nyingi. Linaketi juu yake kama kifuniko cha chungu. Aliyelibuni ni Archie Brain, Mwingereza, mwaka 1981. Alichunguza umbo la koo kwa kutumia vielelezo vya plasta, akaunganisha mpira wa maski ya pua ya madaktari wa meno na mrija, akachapisha makala yake ya kwanza mwaka 1983. Mwaka 1988 vikaanza kuuzwa Uingereza. Kabla ya hapo, mtoa usingizi kwenye upasuaji mfupi alikuwa na njia mbili: ashikilie maski ya usoni kwa mkono muda wote, kidevu kimeinuliwa, mpaka vidole vife ganzi, au apitishe mrija kwenye koromeo, kazi inayotaka ustadi na mara nyingi dawa ya kulegeza misuli yote. Brain aliweka njia ya tatu katikati.

Lakini koo ni mlinzi. Gusa nyuma ya ulimi wako kwa kijiko uone. Litakohoa, litatapika, au nyuzi za sauti zitajifunga kwa nguvu hewa isipite kabisa, na hilo la mwisho ndilo wanaloliogopa. Kwa hiyo ukitaka kuweka andazi lile, haitoshi mtu alale. Lazima mlinzi naye alale. Na hapo ndipo dawa zinapotofautiana.

Cha pili alichonionyesha kilikuwa kichupa cha kimiminika cheupe kama maziwa. Propofoli. Iligunduliwa katika maabara za kampuni ya ICI na kundi lililoongozwa na John Glen, ambaye kwa asili alikuwa daktari wa mifugo, mwaka 1973. Watu wa kwanza walijaribiwa 1977. Dawa haichanganyiki na maji, na kiyeyushi chake cha kwanza kiliwasumbua wagonjwa kwa mzio, ikabidi waanze upya na mafuta ya soya na kiini cha yai. Ndiyo sababu ya weupe wake. Ilitoka rasmi Uingereza mwaka 1986, miaka miwili tu kabla ya maski ya Brain kuingia sokoni. Watu wa fani wanasema vitu hivi viwili vilioana. Propofoli inalegeza taya, inamlaza mlinzi wa koo kuliko dawa nyingine za sindano, na mtu anaamka mwepesi, bila kichwa kizito. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi cha miligramu mbili hadi mbili na nusu kwa kila kilo humtosha kupokea maski.

Kabla yake ilikuwapo thiopentoni, iliyoanza kutumika mwaka 1934. Nayo inalaza haraka, kabla hujahesabu kumi. Lakini inamlaza mwenye nyumba na kumwacha mlinzi macho. Ukiingiza maski kwa thiopentoni peke yake, mgonjwa anaweza kukohoa, kujikunja, au koo kujifunga. Iliwezekana, kwa kuongeza gesi au dawa nyingine, ila haikuwa raha.

"Kwa hiyo propofoli ndiyo bora," nilisema, kwa haraka ya mtu aliyepata jibu.

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Bora wapi?"

Akanihesabia. Propofoli inashusha presha. Mgonjwa aliyepoteza damu au aliyekaukiwa maji, ukimpa kiasi cha kitabuni, unaweza usimpate tena. Inazima pumzi kwa muda, kwa hiyo lazima mkononi uwe na mfuko wa kupumulishia, oksijeni, na mtu wa pili anayejua kazi. Inauma ikiingia mshipani. Na kwa sababu ni mafuta, wadudu wa maradhi wanaipenda. Ukishakifungua kichupa hukiweki kiporo, haya ni maziwa, yataharibika. "Sasa fikiria umeme umekatika, mtungi wa oksijeni umebaki robo, na uko peke yako," alisema. "Dawa inayozima pumzi ni bora ikiwa una cha kuirudishia pumzi."

Cha tatu kilikuwa kichupa kidogo cha dawa safi kama maji. Ketamini. Hapo nikamkumbuka Livingstone na simba wake. Ketamini ilitengenezwa na Calvin Stevens kwa kampuni ya Parke-Davis huko Marekani mwaka 1962. Ilijaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1964 na Edward Domino na Guenter Corssen, na hao binadamu walikuwa wafungwa wa Michigan. Hilo tusilipite haraka: dawa iliyokuja kuwaokoa maskini wengi duniani ilianzia kwenye miili ya watu ambao neno lao la hiari lilikuwa nyuma ya nondo. Mwaka 1970 iliruhusiwa Marekani, ikatumika sana kwenye vita ya Vietnam.

Mgonjwa wa ketamini halali kama wengine. Macho yanaweza kubaki wazi, yakichezacheza. Anaweza kutikisa mkono. Lakini hayupo. Akili imetenganishwa na mwili. Kisu kinakata, habari haifiki. Na ajabu yenyewe ni hii: pumzi inaendelea, presha haishuki, mara nyingi inapanda, na koo hubaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana haifai kwa maski ya Brain ikitumiwa peke yake, kwani taya linakaza, mate yanajaa, na mlinzi yuko kazini. Lakini ndiyo maana pia, kwa kazi fupi, unaweza usihitaji maski kabisa. Maski unaiweka kwa sababu umezima njia ya hewa. Usipoizima, una kazi moja pungufu. Wengine huchanganya ketamini kidogo na propofoli kidogo ili moja ishike presha na nyingine ilaze koo.

Hapa ndipo nilipoelewa nusu. Propofoli inachukua karibu kila kitu na kukuachia wewe mtunzaji jukumu la kupumua. Thiopentoni inachukua fahamu, inaacha koo. Ketamini inachukua maumivu na kumbukumbu, inaacha pumzi. Kila dawa ina nusu yake, na mtoa usingizi anachagua nusu ya kuua kwa kuangalia nusu anayoweza kuilinda.

Na anachagua katika kile kilichomo kabatini. Hili nalo ni la zamani kama njia yenyewe. Januari 1867 wapagazi wawili walimtoroka Livingstone na sanduku lake la dawa, akaona kama amesomewa hukumu ya kifo. Leo masanduku hayatoroki na wapagazi, yanatoroka kwa njia nyingine. Mwaka 2011 kampuni ya Hospira, iliyokuwa ikiitengeneza thiopentoni kwa soko la Marekani, iliacha kabisa, kwa sababu magereza ya huko yalikuwa yakiitumia kunyongea watu kwa sindano na Italia, ambako ingetengenezwa, ilikataa kushiriki. Mwaka 2015 China ilipeleka Umoja wa Mataifa pendekezo la kuiweka ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa, kwa kuwa vijana wa mijini wanailewea. Shirika la Afya Duniani lilipinga. Dawa hiyo ilikuwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 1985, na sababu iliyotolewa ni wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa baraza la hospitali ya vijijini: kuna mahali ambapo hiyo ndiyo dawa pekee ya usingizi iliyopo. Pendekezo likaahirishwa. Mtu wa Puge hakuulizwa, ila mkutano ule ulikuwa unamhusu yeye.

Mzee alikuwa na kitabu kimoja rafuni, kimefungwa kwa plasta ya hospitali: mwongozo wa usingizi wa hospitali za wilaya uliohaririwa na Maurice King, uliotoka mwaka 1986. King aliwahi kufanya kazi Makerere, na aliamini kwamba tiba ya nchi maskini si tiba mbovu ya nchi tajiri. Ina akili yake. Miaka arobaini karibu imepita. Propofoli sasa inafika, maski za koo zinafika, na hizo za kurudiwa zinaweza kutakaswa kwa mvuke na kutumika hadi mara arobaini kama zikitunzwa. Sitaki kusema ketamini inatosha na tusitake zaidi. Tutake. Mtoto wa Puge anastahili oksijeni isiyokatika, kipimo cha kidoleni, na watu wawili waliosomea kazi hii. Ninachosema ni kwamba mzee yule akichagua dawa ya zamani hafanyi hivyo kwa ujinga, na akichagua mpya hafanyi kwa fasheni.

Saa saba ikafika. Nilimuuliza: kwa mpwa wangu, ipi?

"Kazi ni ya dakika tano," alisema. "Sikio halihitaji nifungue koo. Nikimpa ile nyeupe nitamzimia pumzi halafu nihangaike kuirudisha, kwa ajili ya karanga. Nitampa ketamini. Atapumua mwenyewe, mimi nitakaa kichwani kwake nimwangalie. Maski ninayo pembeni, na ile nyeupe ninayo pembeni, koo likileta ubishi." Halafu akaongeza, "Akiamka msimzonge. Msimwite-mwite. Anaweza kuona vitu. Mmoja tu amshike mkono, na iwe mtu anayemjua."

Mama alimshika yeye. Nilisimama mlangoni. Mtoto alitoka kwenye kitanda cha magurudumu macho yakiwa nusu wazi, yakihama pole pole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kifua kikipanda na kushuka. Ile kupanda na kushuka sijawahi kuitazama vile. Mama alikuwa anahesabu kwa midomo, bila sauti. Mfukoni mwa joho la mzee kulikuwa na kipande cha pamba, na ndani yake punje ya karanga iliyovimba, imegawanyika mbili kama iliyotaka kuota.

Baada ya nusu saa hivi mtoto alianza kuongea. Alisema paa lina ng'ombe. Mama akasema, "Ndiyo, baba, wapo," akaendelea kumshika. Ng'ombe wakaondoka mmoja mmoja. Mwishowe aligeuza kichwa, akamtambua, akauliza kama matobolwa yamebaki.

Mama akamwangalia mzee kwanza. Mzee akaangalia saa.

"Aanze na maji, mama," alisema. "Kidogo kidogo."